Saskatchewan: Ardhi yatajirika, halmashauri zapungukiwa watu

KASKAZINI Magharibi mwa jiji la Regina, makao makuu ya jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, lipo ziwa refu na jembamba liitwalo Last Mountain. Upande wa mashariki wa ziwa hilo ipo halmashauri ya vijijini ya McKillop, iliyopewa namba 220. Upande wa magharibi ipo halmashauri ya Sarnia, namba 221.

Ni majina ambayo hata wakazi wengi wa Toronto na Montreal hawajapata kuyasikia. Hakuna jiji huko, wala chuo kikuu. Kuna mashamba ya ngano, kanola na adesi, barabara za changarawe zilizonyooka kama zimechorwa kwa rula, na nyumba za mapumziko zilizojipanga kando ya maji.

Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini Mkanada wa leo hutibiwa bila kudaiwa fedha kwenye dirisha la hospitali hana budi kuanzia huko. Na anayetaka kuelewa ni vipi nyanda zinazolisha sehemu ya dunia zimeendelea kutoa mazao mengi huku shule, vituo vya reli na maduka yake yakifungwa, huko pia ndiko pa kuanzia.

Saskatchewan ina halmashauri za vijijini 296. Kwa miaka zaidi ya 60 sasa, wataalamu na wanasiasa wamekuwa wakiuliza kama kuna haja ya kuwa nazo zote. Swali hilo linaonekana kuwa la kiutawala tu, lakini ndani yake lipo jingine zito zaidi: halmashauri ni ya ardhi au ni ya watu? Kwa muda mrefu jibu halikuwa na umuhimu, kwa sababu vyote viwili vilikuwapo. Sasa kimoja kimepungua.

Nchi iliyogawanywa kwa rula

Kabla ya kuja kwa walowezi, nyanda hizo zilikuwa za mataifa ya asili, wakiwamo Wacree, Wasaulteaux na Waassiniboine, ambao maisha yao yalitegemea nyati. Mwaka 1870 Kanada iliichukua ardhi hiyo kutoka Kampuni ya Hudson's Bay kwa malipo ya pauni 300,000. Wenyewe hawakuulizwa. Walipokutana na wajumbe wa serikali huko Qu'Appelle mwaka 1874, miongoni mwa mambo waliyohoji ni kwa nini fedha za ardhi yao zililipwa kwa kampuni na si kwao.

Mkataba Namba 4 ulitiwa saini Septemba 15, 1874, na eneo la ziwa Last Mountain limo ndani ya mipaka yake. Serikali iliusoma mkataba huo kuwa ni kuachia ardhi. Warithi wa waliotia saini wanasema ulikuwa wa kuishi pamoja juu ya ardhi moja. Mvutano huo haujaisha hadi leo. Wakati huohuo nyati walikuwa wakitoweka, na njaa iliyofuata iliwasukuma watu wengi kwenye maeneo madogo waliyotengewa.

Ardhi ilikuwa tayari imeanza kupimwa. Wapimaji waliigawa katika miraba ya maili sita kwa sita, na kila mraba ukakatwa katika vipande 36 vya maili moja ya mraba. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1872, mlowezi alilipa ada ya dola 10 akapewa robo ya kipande, yaani ekari 160, kwa sharti la kuishi hapo miaka mitatu na kulima. Vipande viwili katika kila mraba viliwekwa kwa ajili ya shule. Vingine vikapewa reli, na vingine vikabaki kwa kampuni ileile ya Hudson's Bay.

Ndipo halmashauri ya vijijini ilipopata umbo lake. Miraba tisa iliunganishwa kuwa moja, maili 18 kwa 18, sawa na kilomita za mraba 839 hivi. Namba zikaanzia kona ya kusini mashariki ya jimbo na kuelekea magharibi, safu baada ya safu. Ndiyo maana McKillop ni 220 na jirani yake wa ng'ambo ya ziwa ni 221. Hakuna aliyeuliza mto unapita wapi wala kabila gani linaishi wapi.

Saskatchewan ilipata hadhi ya jimbo Septemba 1, 1905, na kuanzia mwishoni mwa 1909 halmashauri nyingi ziliandikishwa rasmi. Kipimo chake kilikuwa farasi. Diwani aliweza kuvuka kata yake na kurudi siku hiyohiyo, na mkulima aliweza kufika kwenye kikao bila kulala njiani.

Kazi ya kwanza ilikuwa barabara. Ramani ya wapimaji iliacha njia kila maili moja kwa upande mmoja na kila maili mbili kwa upande mwingine, lakini zilikuwa njia za kwenye karatasi. Wakulima wengi hawakuwa na fedha taslimu, hivyo wakalipa kodi kwa jasho: siku kadhaa za kazi, na farasi wao, wakisawazisha tuta lililopita mbele ya shamba lao. Mwaka 1917 halmashauri zilianzisha chama chao cha bima dhidi ya mvua ya mawe, kwa sababu wingu moja la Julai lingeweza kumaliza mavuno ya mwaka mzima katika robo saa.

Nguvu ya vyombo hivyo vidogo ilikuwa moja: haki ya kutoza kodi ardhi. Ardhi haihami. Haifichwi. Mmiliki wake anajulikana kwa namba ya kipande. Serikali yenye haki hiyo, hata ikiwa ndogo kiasi gani, inaweza kukopa, kuajiri na kuahidi.

Daktari wa Sarnia

Ahadi kubwa kuliko zote ilitolewa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Daktari aliyekuwa akihudumia wakazi wa Sarnia, katika kijiji cha Holdfast, alionyesha nia ya kuondoka. Haikuwa ajabu. Wagonjwa walikuwa mbali, na wengi walilipa baada ya mavuno kama mavuno yalikuwapo.

Madiwani wakaamua kumlipa dola 1,500 kwa mwaka kutoka kwenye kodi ya ardhi ili abaki. Walifanya hivyo kabla sheria haijawaruhusu. Mwaka 1916 bunge la jimbo lilirekebisha sheria ili halmashauri ziweze kuajiri madaktari, na mwaka huohuo likafungua njia kwa halmashauri jirani kuungana na kujenga hospitali ya pamoja.

Mpango huo haukutokana na itikadi yoyote. Walioupitisha walikuwa wakulima waliohofia wake zao kujifungua katikati ya theluji, kilomita 50 kutoka kwa daktari wa karibu. Si rahisi kusema kama wangeupitisha wangejua watakaokuja baadaye wataupa jina gani.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyougeuza kuwa hoja ya jimbo zima. Bei ya ngano iliporomoka, kisha ukaja ukame ulioinua udongo wa juu na kuupeperusha. Mwaka 1937 wastani wa mavuno ya ngano katika Saskatchewan ulikuwa chini ya busheli tatu kwa ekari, kiasi ambacho hakikutosha hata kurudisha gharama ya mbegu. Halmashauri zilikopa ili kuwapa watu wao mbegu, lishe ya mifugo na makaa ya mawe. Malimbikizo ya kodi yakapanda hadi madiwani wakawa wanadai ardhi isiyokuwa na mnunuzi.

Madaktari nao hawakulipwa. Kwa wengi waliobaki, mshahara wa halmashauri ndio uliokuwa fedha pekee ya uhakika.

Ng'ambo ya ziwa, mwenyekiti wa halmashauri ya McKillop alikuwa Matthew Anderson, mkulima aliyezaliwa Norway, nchi ambayo tayari ilikuwa na bima ya afya ya lazima. Alishawishi kwa miaka mingi kabla ya kusikilizwa. Mwaka 1939 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoiwezesha halmashauri yake kutoza dola 5 kwa kila mtu kwa mwaka, isizidi dola 50 kwa familia, kwa ajili ya daktari na hospitali. Mwenye watoto 12 hakulipa zaidi ya mwenye watoto wanane.

Msomaji wa Tanzania hataona ugeni hapo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga katikati ya miaka ya 1990 ulisimama juu ya fikra inayofanana: kaya ichange kidogo kabla ya ugonjwa, na wilaya ndiyo ishike daftari. Tofauti ipo katika neno moja. Igunga ilikuwa hiari. McKillop ilikuwa kodi, na asiyelipa alidaiwa kupitia shamba lake.

Halmashauri nyingine ziliiga. Kusini magharibi mwa jimbo, William Burak, katibu wa halmashauri ya Pittville, aliziandikia jirani zake na kuwashawishi wafanye kura ya pamoja. Wananchi wakakubali mwishoni mwa 1945, na Julai 1, 1946 Mkoa wa Afya wa Swift Current ukaanza kuwahudumia watu wapatao 50,000 kwa bima ya lazima ya matibabu, wa kwanza wa aina yake katika Amerika ya Kaskazini.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Serikali ya Tommy Douglas ilianzisha bima ya hospitali kwa jimbo zima mwaka 1947. Bima ya matibabu ilianza Julai 1, 1962 chini ya mrithi wake, Woodrow Lloyd, huku madaktari wakigoma kwa siku 23. Mwaka 1966 bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kuieneza nchi nzima.

Vitabu vya historia humpa Douglas sifa hizo, na anazistahili. Lakini hakuanza na karatasi tupu. Alikuta mamia ya madiwani na makatibu wa halmashauri ambao tayari walijua gharama ya mgonjwa mmoja kwa mwaka, kwa sababu walikuwa wamelipa.

Reli, maghala na kuondoka kwa watu

Uchumi uliobeba yote hayo ulikuwa wa ngano na reli. Mwaka 1897 kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilipewa ruzuku kujenga njia ya kupita Crow's Nest katika milima ya magharibi, nayo ikakubali kushusha nauli ya nafaka. Kwa karibu karne nzima nauli hiyo ilikuwa kama katiba kwa mkulima. Njia ndogo za reli zilitawanyika kote, na kila baada ya maili saba hadi 10 palijengwa ghala refu la mbao la kupokelea nafaka, ili gari la farasi liweze kwenda na kurudi kwa siku moja. Penye ghala palizaliwa kijiji: duka, shule, kanisa, posta.

Mwaka 1933 majimbo matatu ya nyanda hizo yalikuwa na maghala 5,758. Mengi yalikuwa ya ushirika wa wakulima, Saskatchewan Wheat Pool, ulioanzishwa katika miaka ya 1920. Bodi ya Ngano ya Kanada iliundwa mwaka 1935, na kuanzia 1943 ikawa mnunuzi pekee wa ngano iliyokwenda nje. Mkulima wa McKillop na yule wa kilomita 500 kutoka hapo walipata bei iliyolingana, ukiondoa nauli.

Trekta na lori vilianza kuubomoa mpango huo kimyakimya. Mkulima mwenye lori hakuhitaji ghala la maili saba, alikwenda lile la maili 30. Mkulima mwenye kombaini hakutosheka na ekari 160, wala 640. Mwaka 1936 Saskatchewan ilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000. Sensa ya kilimo ya 2021 ilikuta 34,128, yenye wastani wa ekari 1,766 kila moja. Wastani huo unaficha mengi, kwani wapo wanaolima ekari zaidi ya 10,000.

Ardhi haikuachwa. Ililimwa yote, na kwa ustadi zaidi. Waliopungua ni walimaji.

Kisha sera zikamalizia kazi iliyoanzwa na mashine. Nauli ya Crow ilifutwa rasmi Agosti 1, 1995, na gharama ya kusafirisha nafaka hadi bandarini ikaruka. Reli zikang'oa njia ndogo, kampuni za nafaka zikabomoa maghala ya mbao na kujenga machache ya saruji. Mwaka 1993 serikali ya jimbo, ikiwa imelemewa na madeni, ilikuwa imekwisha kufunga au kubadili matumizi ya hospitali ndogo 52 za vijijini. Baadhi zilijengwa na halmashauri zilezile zilizoungana baada ya 1916. Watu wa huko huikumbuka orodha hiyo kama wengine wanavyokumbuka orodha ya waliofia vitani.

Ushirika wa ngano uligeuzwa kampuni ya hisa, ukainunua Agricore United mwaka 2007 na kuitwa Viterra. Glencore ikainunua Viterra mwaka 2012, na Julai 2025 ikaunganishwa na Bunge, kampuni kubwa ya kimataifa ya nafaka. Bodi ya Ngano ilipoteza ukiritimba wake Agosti 1, 2012. Miaka mitatu baadaye udhibiti wake ulikwenda kwa ubia wa Bunge na kampuni ya uwekezaji wa kilimo ya serikali ya Saudi Arabia. Chombo kilichoundwa kumlinda muuzaji kikaishia mikononi mwa wanunuzi, mmoja wao akitafuta chakula cha watu wa Riyadh na Jeddah.

Mfano uliovuka bahari

Kilimo hicho cha mashine kubwa na watu wachache kiliwahi kuhamishiwa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Kanada ilisaidia kuanzisha mashamba ya ngano katika nyanda za Hanang, wakati huo mkoani Arusha na sasa Manyara. Yalianzia Basotu, na hatimaye yakawa saba chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret.

Wataalamu walitoka kwenye nyanda za Kanada, na mbinu zilikuwa za huko. Kombaini zilivuna ngano kweli, na kwa viwango ambavyo havikuwahi kuonekana. Lakini ardhi ilikuwa ya malisho ya Wabarabaig, ikiwamo mabonde yenye majani bora waliyoyaita muhajega. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, na kwa sehemu kubwa uamuzi uliegemea upande wa shirika. Kanada ilijiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadaye mashamba yakaingia kwenye ubinafsishaji, na hadi sasa sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania hutoka nje.

Mengi yameandikwa juu ya gharama za vipuri na mafuta katika mradi huo. Jambo ambalo halisemwi sana ni lile lililoachwa Saskatchewan. Tanzania ilifuta halmashauri za wilaya mwaka 1972 na kuzirejesha baada ya sheria za mwaka 1982. Kwa hiyo mashamba yalipanuka katika kipindi ambacho Hanang haikuwa na chombo cha wenyeji chenye haki ya kutoza kodi ekari zile 70,000, kumdai mwenye kombaini matengenezo ya barabara, au kupeleka sehemu ya ngano kwenye zahanati ya kijiji kilichohamishwa.

Mfanano mmoja, hata hivyo, unauma pande zote mbili. Huko Kanada nako shamba la kwanza la ngano lilisimama juu ya malisho ya watu wengine, na wao pia waliambiwa hawana hati.

Fedha zipo, walipa kodi ni wachache

Turudi kwenye nyanda zenyewe, kwa sababu hesabu za leo zinashangaza. Saskatchewan haikubaki ya ngano peke yake. Kanola, mbegu ya mafuta iliyopatikana kwa kazi ya watafiti Baldur Stefansson na Keith Downey katika miaka ya 1970, imekuwa zao la fedha. Adesi, ambayo wakulima wa zamani hawakuijua, imelifanya jimbo hilo kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani. Chini ya ardhi ipo potashi, kirutubisho cha mbolea, ambayo karibu theluthi moja ya uzalishaji wa dunia hutoka huko.

Utajiri wa namna hiyo hutegemea maamuzi ya mbali. India iliweka ushuru wa asilimia 50 kwa njegere kavu na 30 kwa adesi mwishoni mwa 2017. Machi 2025 China iliweka asilimia 100 kwa mafuta na mashudu ya kanola pamoja na njegere, na Agosti mwaka huohuo ikaongeza dhamana ya asilimia 75.8 kwa mbegu za kanola. Ilikuwa inajibu ushuru wa Kanada dhidi ya magari ya umeme ya China, uliowekwa Oktoba 2024.

Wakulima wa magharibi walilalamika kuwa wanatozwa faini kwa ajili ya viwanda vya magari vya Ontario, na ni vigumu kusema hawakuwa na hoja. Januari 2026 Waziri Mkuu Mark Carney alikwenda Beijing, na pande hizo mbili zikatangaza makubaliano ya kushusha ushuru huo, Kanada nayo ikikubali kuingiza idadi maalumu ya magari ya China.

Halmashauri zimekingwa kwa kiasi fulani dhidi ya mawimbi hayo, kwani kodi yao hufuata thamani ya ardhi iliyokadiriwa na si bei ya kanola ya wiki hii. Na ardhi imekuwa ghali. Mwaka 2013 mfuko wa pensheni wa Kanada ulinunua ekari zipatazo 115,000 za Saskatchewan kwa dola milioni 128. Wakulima walipiga kelele, na mwaka 2015 jimbo likazuia mifuko ya pensheni kununua mashamba. Walichohofia hakikuwa bei. Waliogopa kuwa na mwenye ardhi asiyekuwa na mtoto shuleni, asiyekaa kwenye kamati ya uwanja wa barafu, na asiyeonekana ofisini siku ya kikao cha bajeti.

Upande wa matumizi ndiko kwenye kitendawili. Idadi ya wakazi imepungua, barabara hazikupungua. Miraba ya 1872 bado iko palepale, na kila njia iliyojengwa kwa siku za kazi za farasi sasa hubeba matrekta makubwa na malori ya nafaka yanayokwenda ghala la mbali, kwa kuwa la karibu lilibomolewa. Reli iliokoa gharama zake kwa kung'oa njia ndogo. Gharama hiyo ilihamia kwenye changarawe ya halmashauri.

Kwa halmashauri kama McKillop lipo jingine. Wenye nyumba za ufukweni wanalipa kodi, wengine wakiwa na makazi Regina, na mahitaji yao ni maji safi na kuzolewa taka, si daraja la kupitisha kombaini. Mambo haya mawili hugombea mfuko mmoja.

Ni katika mazingira hayo hoja ya kuunganisha halmashauri hurudi kila baada ya kizazi. Tume ya jimbo iliyochunguza maisha ya vijijini katika miaka ya 1950 ilipendekeza vyombo vikubwa zaidi. Kamati iliyoongozwa na Joseph Garcea mwaka 2000 ilirudia wazo hilo, ikakutana na upinzani mkali, na serikali ikarudi nyuma. Jirani zao wa Manitoba hawakusita: kuanzia Januari 1, 2015 halmashauri zilizokuwa na watu chini ya 1,000 zililazimishwa kuungana, na idadi yao ikashuka kutoka 197 hadi 137.

Wanaounga mkono hutaja hesabu: mtendaji mmoja, mhasibu mmoja na greda moja wanaweza kuhudumia eneo mara mbili. Hoja hiyo ina nguvu ofisini kuliko barabarani, kwa sababu ukiunganisha halmashauri mbili unapata pia kilomita mara mbili, na greda haliendi kasi zaidi kwa kuwa jina limebadilika. Wanaopinga nao husahau kuwa wamekuwa wakiungana kwa vitendo kwa miaka 100. Hospitali za pamoja, bima ya mvua ya mawe na zimamoto vyote vilivuka mipaka ya maili 18.

Hata potashi ina utaratibu wa namna hiyo. Kwa sheria ya jimbo, kodi ya mgodi haibaki kwa halmashauri ambayo shimo limo ndani yake peke yake, bali hugawanywa kwa jirani zinazobeba mzigo wa wafanyakazi na malori. Mgodi mpya wa Jansen, ulioidhinishwa na kampuni ya BHP mwaka 2021 na unaotarajiwa kuanza kuzalisha mwaka 2027, utaujaribu utaratibu huo kwa kiwango kisichowahi kuonekana.

Wakati huohuo, vikao vya halmashauri kadhaa za jimbo hilo vimerudi kwenye ajenda ya zamani. Tiba ni jukumu la serikali ya jimbo kisheria, lakini miji midogo imekosa madaktari, na vyumba vya dharura katika baadhi ya hospitali za vijijini hufungwa kwa siku au wiki kwa kukosa wahudumu. Madiwani wanatenga sehemu ya kodi ya ardhi kulipia zahanati, nyumba na motisha za kumvuta daktari akubali kuja, na akishakuja, abaki.